Twiga Asiyepigwa Msasa

Hebu mwone anakuja. Ni asubuhi, jua halijapanda juu ya mabati ya Shauri Moyo, njia imelowa maji ya kuoshea vyombo, na mwanamke anateremka kutoka upande wa Soko la Burma na mzigo mgongoni. Mkanda wa mzigo umepita kwenye kipaji cha uso, vile wanavyobeba kuni kwao Machakos. Lakini leo hajabeba kuni. Amebeba kitu kilichofungwa leso ya manjano, na juu ya leso kimechomoza kichwa chembamba chenye masikio mawili. Ukikiona kwa mbali utadhani ni mtoto anayechungulia juu ya bega la mamake. Sogea karibu. Ni twiga wa mti.

Vijana wanaoosha magari wanamwita, "Sasa mathe, huyo mnyama anaenda shule?" Naye anawajibu bila kusimama, "Ndiyo, na ninyi mngemfuata."

Anafika kwenye banda la wachongaji. Banda lenyewe ni mabati juu ya nguzo, chini ni vumbi la mbao hadi kwenye vifundo vya miguu. Upande mmoja, juu ya magunia, wameketi wanawake na vipande vyao vya msasa. Upande wa pili, kila mmoja juu ya kigogo chake, wameketi wanaume na tezo. Mwanamke huyu anawapita wanawake wenzake, anawasalimu kwa kichwa, anavuka mpaka upande wa pili. Kule kuna kigogo kitupu. Anatua mzigo, anaketi juu ya kigogo.

Tezo zote zinanyamaza.

Jina lake ni Kasiva. Majirani humwita Mama Wavinya, kwa jina la bintiye aliyeolewa Kitui. Na ili ujue kwa nini kuketi tu kwa mwanamke kuliweza kunyamazisha banda zima, inabidi turudi nyuma kidogo, hadi mwaka uliotangulia zile mvua kubwa za El Nino.

Wakati huo kigogo kile kilikuwa cha mumewe, Muthama. Alikuwa mchongaji mzuri, hata kama hakuwa wa kusifiwa barabarani. Mikono yake ilikuwa na kawaida moja ambayo banda lote liliijua: alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Tezo aliishika kwa kushoto, kijiko kwa kushoto, na kanisani alipotoa sadaka wazee walikuwa wanageuza macho.

Kasiva alikuwa mpiga msasa, kama wake wote wa wachongaji. Mwanamume anachonga, mwanamke anasugua. Hakuna aliyewahi kueleza kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Unachukua sanamu ikiwa bado na mikato ya tezo, unaanza na msasa mkali, unamaliza na ule laini, kisha unapaka rangi ya viatu na kung'arisha kwa kitambaa mpaka mti usahau kwamba uliwahi kukatwa. Kwa kazi hiyo ya miaka, vidole vya Kasiva vilikuwa vimejua siri ya kila mtu pale. Ungemfunga macho ukampa simba, angekwambia huyu ni wa Mzee Kimanzi, kwa maana mkono wa Kimanzi huchoka akifika mkiani. Angekwambia aliyemchonga huyu mwingine aligombana na mkewe siku ile, mgongo wote umekatwa kwa hasira. Halafu angeisugua hiyo hasira mpaka iishe, na mtalii angenunua simba mpole.

Mchongaji akimaliza kitu chake, alikipiga nambari. Kila mwanachama wa kikundi cha wachongaji alikuwa na fimbo yake ya chuma yenye nambari ncha moja, kama chapa ya ng'ombe. Inawekwa kwenye jiko hadi iwe nyekundu, inagandamizwa chini ya wayo wa sanamu, moshi kidogo, basi. Nambari ile ndiyo iliyolijulisha duka la mjini, lililonunua kazi zao, kwamba kazi ni ya fulani. Ya Muthama ilikuwa thelathini na moja. Wapiga msasa hawakuwa na chuma. Wangechoma wapi, na nini?

Sasa, siku moja pale kwenye mteremko wa Gikomba, mkokoteni uliojaa vyuma vikuukuu ulimponyoka mwenyewe ukamkuta Muthama amesimama akinunua kigogo cha mjakaranda. Ulimponda mkono. Ule wa kushoto. Ulipopona ulikuwa umejikunja kama unaoshika kitu kisichoonekana, na haukukunjuka tena.

Muthama hakutaka banda lijue kiasi cha kuumia kwake. Alituma aletewe mbao nyumbani, akasema atachongea huko mpaka apate nguvu. Alijaribu kwa mkono wa kulia. Tezo ilikwenda inakotaka yenyewe. Siku ya tatu aliitupa ukutani, akalala akiwa ameupa ukuta uso. Kasiva aliiokota. Alikaa chini, akafungua redio kwa sauti ya juu, akaanza.

Hivyo ndivyo walivyoishi kwa muda mrefu. Chumba kimoja, pazia katikati, redio inaimba, tezo inagonga, na Muthama nyuma ya pazia akikohoa kila mara ili jirani asikie kwamba mwanamume yuko kazini.

Alichonga nini? Alichonga twiga, kwa kuwa duka la mjini lilitaka twiga. Kasiva alikuwa hajawahi kumwona twiga maishani. Alikuwa amewasugua wengi ajabu, lakini wale walikuwa wamechongwa na wanaume ambao nao hawakuwahi kumwona; wote walikuwa wamejifunza kutoka kwenye picha ya kalenda iliyobandikwa kwenye nguzo ya banda, kalenda iliyopauka mpaka twiga akawa na rangi ya chai ya maziwa. Kasiva akiwa nyumbani hakuwa na kalenda. Alikuwa na mlango, na mbele ya mlango kulikuwa na mfereji wa maji wa mtaa.

Miaka ile maji ya mitaa ya Eastlands yalikuwa yanakuja yakipenda. Wanawake walipanga mitungi tangu alfajiri na kusimama hapo, mikono imekunjwa, shingo zimenyooka kutazama kama mfereji umeanza kudondosha. Wengine wana mimba. Wengine wana watoto mgongoni. Hawasemi sana. Wanahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, wananyosha shingo, wanangoja. Kasiva mwenyewe alikuwa amesimama kwenye foleni ile nusu ya maisha yake. Basi alipofika kwenye shingo ya twiga na asijue inakwenda vipi, alitazama nje, akachonga ile aliyoiona.

Twiga wake walikuwa na shingo za wanawake wa foleni ya maji. Walisimama hivyo, mguu mmoja umelegea kidogo, kichwa kimeinuka, kama wanaojua kwamba mtu amewadanganya lakini hawaondoki.

Aliwapiga nambari ya Muthama, thelathini na moja, na duka la mjini liliwapenda. Mzee Kimanzi, mwenyekiti wa kikundi, akawa anamwambia kila mtu, "Huyu Muthama, tangu agongwe na mkokoteni ndipo amejua kuchonga. Labda kila mmoja wetu agongwe."

Banda likacheka. Kasiva, juu ya gunia lake, naye akacheka, akaendelea kusugua. Alikuwa anawasugua twiga wake mwenyewe mbele yao. Hilo ndilo lililokuwa linamchoma. Hakuchomwa na jina la mumewe. Mumewe alikuwa amelala nyuma ya pazia na aibu yake, acha apate hata hiyo sifa. Kilichomchoma ni vidole vyake. Vilikuwa vinakutana na mikato ambayo mkono wake mwenyewe ulikuwa umeipiga, na kazi yake ilikuwa kuifuta yote.

Alikamatwa kwa sababu ya mahali ambapo msasa haufiki.

Kati ya miguu ya twiga, juu kabisa kule tumboni, kidole cha mpiga msasa hupita kwa taabu. Wengi huacha hapo palivyo, nani atapachungulia. Kimanzi alikuwa amempindua twiga atazame nambari, na kidole chake gumba kikaingia hapo kwa mazoea tu. Kikasimama. Kikarudi, kikapita tena polepole. Kimanzi na Muthama walijifunza kazi kwa mzee mmoja, chini ya kibanda kimoja. Mkato wa mtu wa kushoto hulalia upande mmoja, wa mtu wa kulia hulalia upande mwingine. Watu wa kazi hiyo hawahitaji macho kulijua hilo.

"Mama Wavinya," alisema bila kuinua sauti, "Muthama ameanza lini kutumia mkono wa kulia?"

Kasiva angeweza kusema, tangu agongwe. Jibu lilikuwa hapo, tayari, na lingeaminika. Alilitazama, akaliacha lipite.

"Hajaanza," alisema. "Huyo ni wangu. Na wale wengine wote ni wangu."

Wanaume waliitana pembeni. Wengine walicheka kwamba mwanamke akishika tezo banda litajaa kuni za kupikia. Mmoja alisema ni mkosi. Lakini Kimanzi hakuwa mtu mbaya, na uamuzi aliorudi nao ulikuwa wa kumsitiri, kwa akili yake.

"Hatutaki kumwaibisha mgonjwa," alisema. "Endelea kuchonga huko nyumbani, mama. Nambari ya mzee wako itabaki. Kazi itapokelewa kama kawaida. Ila hakuna atakayejua, na ule upande wa tumbo uusugue vizuri. Umeona tulivyokuchukulia?"

"Nimeona. Nami nataka chuma changu."

"Chuma ni cha mwanachama."

"Basi niandikeni mwanachama."

"Mama Wavinya, mwanachama ni mchongaji."

Kasiva alimtazama Kimanzi, akamtazama twiga mkononi mwa mzee, akamtazama tena mzee mwenyewe. Wanawake kwenye magunia walikuwa wameacha kusugua.

"Na huyo amejichonga?"

Alifunga misasa yake ndani ya leso, akajipangusa vumbi la mbao, akaondoka. Nyuma yake alimsikia mtu akisema atarudi kesho, mwanamke akishikwa na njaa hurudi mwenyewe. Kesho hakurudi. Wala kesho kutwa.

Kwa Muthama ndiko kulikokuwa kugumu. Alipoambiwa yaliyotokea aliiacha chai ipoe mbele yake.

"Ungenyamaza tu," alisema mwishowe. "Hiyo nambari ndiyo iliyobaki ya mimi. Wakisema thelathini na moja wanamaanisha mimi bado nipo."

"Upo, Baba Wavinya. Si uko hapa unakataa chai?"

"Wewe unafanya mzaha."

"Sifanyi. Nimekukohoza nyuma ya pazia kama kuku mgonjwa mpaka nikachoka. Mimi nataka ukae mlangoni upigwe na jua, na mimi nichonge nikionekana."

Zilipita siku ambazo waliongea mambo ya chumvi na makaa tu. Halafu jioni moja Kasiva aliporudi kutoka mferejini alimkuta Muthama ameketi mlangoni, nje ya pazia, akiwa na twiga ambaye hajasuguliwa katikati ya magoti. Alikuwa anampapasa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kutoka kwenye wayo kwenda juu.

"Hapa uliogopa," alisema.

"Wapi?"

"Hapa kwenye goti. Umepiga kidogokidogo kama mtu anayebisha hodi. Goti linapigwa mara moja." Kidole kikapanda kwenye shingo, kikakaa hapo. "Hapa hukuogopa."

Kabla ya siku ile Muthama alikuwa hajawahi kumwambia neno la kazi. Usiseme ni kidogo.

Ni kuanzia hapo Kasiva alipoacha kupiga msasa.

Aliacha kwa makusudi. Alichonga, akamaliza, akapaka mafuta kidogo mti usikauke, akaiacha mikato ya tezo ionekane yote, imelala upande wa kulia kama manyoya ya kuku. Hakuwa tena na duka la mjini, kwa hiyo alichonga vitu ambavyo mtaa ungetumia. Miiko ya kusongea ugali. Vibao vya kukatia nyama. Na kila alipopata kipande kirefu cha mjakaranda, twiga.

Rafiki yake Shamso alikuwa na duka la vyombo na leso kule Majengo. Alimpa sehemu ya baraza ya kuketi na kazi yake, kwa sharti.

"Miiko nitakuuzia ndani," Shamso alisema. "Sanamu ikae nje. Mimi sitaki kuulizwa na Mola wangu kwa nini nimeweka sanamu dukani."

"Hata twiga?"

"Twiga ana macho, Kasiva."

"Nikimfumba?"

"Utakuwa umemchonga twiga aliyelala, na bado ni sanamu. Wallahi usinitie majaribuni asubuhi hii."

Basi twiga walisimama nje. Lakini mjakaranda mbichi ukipigwa na jua upande mmoja hupasuka, na Kasiva akawa anawakuta twiga wake wamegeuzwa, migongo kivulini, wakati yeye alikuwa ameenda kutafuta mbao. Hakuuliza ni nani. Siku moja Shamso, akiwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, alimtazama mmoja kwa muda mrefu.

"Huyu," alisema, "amesimama kama mimi nikingoja maji."

Kasiva alipiga tezo mara mbili tatu. "Ni wewe," alisema. "Mwaka ule ulipokuwa na mimba ya Hibaq."

"Basi ungenipunguza tumbo."

Wapiga msasa wenzake walipopita hapo kuelekea bandani walimtania. "Kasiva, umeishiwa na msasa? Tukukopeshe?"

"Msasa ninao. Twiga ndio nimewanyima."

"Watu watasema kazi haijaisha."

"Imeisha. Ninyi ndio mmezoea kuona kazi iliyofutwa."

Mmoja wao alibaki nyuma, akapitisha vidole juu ya mgongo wa twiga, akavirudisha. Siku iliyofuata alipita tena njia ile ile.

Aliyempa moyo, na riziki pia, ni Andati, muuza nyama choma wa Burma, mtu mkubwa mwenye aproni isiyojulikana rangi yake ya kwanza. Kibao cha kwanza alikinunua kwa kumhurumia. Cha pili alikifuata mwenyewe.

"Mathe, hivi vibao vyako ni moto," alisema. "Vile vya kusuguliwa, nyama inateleza kama iko na safari. Hapa inashika. Na mchuzi unakaa kwenye hii mistari ya tezo."

"Unaviosha vipi?"

"Maji moto, chumvi, brashi. Hiyo wachia mimi. Ila tu usinitengenezee vya kusuguliwa. Nitakurudishia."

Hivyo vibao vya Kasiva vikaenea Burma yote, meza kwa meza. Na Burma, kama unavyojua, kila mtu wa upande ule siku moja atakaa chini ale nyama. Mzee Kimanzi naye alikaa. Alikuwa na wageni wawili wa kikundi, nyama ikaletwa, chumvi ikamwagwa pembeni, na wakati wengine wananyosha mikono kwenye mbavu, kidole gumba cha Kimanzi kilikuwa kimekwisha kwenda kwenye ukingo wa kibao.

Kesho yake alikuja barazani kwa Shamso, kofia mkononi.

"Hamjambo hapa."

"Hatujambo, Mzee Kimanzi. Karibu kiti."

Hakuketi. Aliwazunguka twiga, akasifu hali ya hewa, akaulizia mkono wa Muthama. Kisha ikatoka. Mama wa duka la mjini alikuwa amerudisha twiga wote wa mwezi ule. Alisema wamekufa. Alisema wanaonekana kama meza zenye shingo. Alikuwa anamtaka thelathini na moja, na kikundi hakikuwa na cha kumpa.

"Tulikaa tukazungumza," Kimanzi alisema. "Tumekubaliana uandikwe. Chuma chako mwenyewe, nambari mpya. Na kigogo cha Muthama ukikalie. Mbele ya wote."

Shamso, ndani ya duka, aliacha kukunja leso.

Kasiva alikuwa ameomba maneno yale yale, na sasa alikuwa anayasikia yakitoka kwenye mdomo ule ule uliomkatalia.

"Na?"

"Na nini?"

"Mzee Kimanzi, hukuvua kofia kwa sababu ya habari njema."

Kimanzi alicheka kidogo, kwa pua. "Na utapiga msasa. Kama kila mtu. Ukitaka, wanawake watakupigia, wewe sasa si wa kusugua. Lakini hatuwezi kupeleka mjini kazi yenye makovu, mama. Watasema hatujui kumaliza. Kikundi kizima kitaonekana hivyo."

"Siyo makovu."

"Ni nini basi?"

"Wewe ulinijua kwa kitu gani? Ulijua vipi kwamba si Muthama?"

Kimanzi alijua, na Kasiva alijua kwamba anajua, na kidole gumba cha mzee kilikuwa kinajisugua chenyewe kwenye ukingo wa kofia.

"Fikiria," alisema. "Jumatatu nitatia chuma motoni."

Jioni ile Kasiva alimweleza Muthama yote. Muthama aliichukua fimbo ya chuma ya thelathini na moja kutoka chini ya kitanda, akaipangusa kutu kwa mkono mzuri, akaitazama, akairudisha palepale chini ya kitanda. "Hii nitazikwa nayo," alisema. "Wewe nenda kachukue yako. Ila goti la huyo unayemmalizia, lipige mara moja."

Alilipiga mara moja.

Sasa umefika tulipoanzia. Ni Jumatatu, Kasiva ameketi juu ya kigogo, tezo zimenyamaza, na leso ya manjano imefunguliwa. Twiga amesimama katikati ya vumbi la mbao. Hajasuguliwa hata mahali pamoja. Mwanga wa asubuhi unapita chini ya mabati na kuingia kwenye kila mkato, shingoni, mgongoni, kwenye goti lile, na mnyama mzima anaonekana kama anayepumua. Juu ya magunia, wanawake wamesogea bila kujijua. Yule aliyekuwa anapita barazani amesimama kabisa.

Mzee Kimanzi yuko mbele ya jiko. Mkono mmoja ameshika kipande kipya cha msasa. Mkono wa pili ameitoa fimbo ya chuma kwenye makaa, na ncha yake ni nyekundu, nambari inasomeka.

"Umekuja," anasema.

"Nimekuja."

Anamsogelea na kumnyooshea msasa. Kasiva anautazama, haupokei. Anamlaza twiga mapajani, taratibu kama mtu anayembadilisha mtoto nguo, na kuinua wayo wake uelekee juu.

"Choma, mzee."

"Mama Wavinya. Tulisema msasa kwanza."

"Wewe ulisema."

"Nikimpiga nambari hivi alivyo, nitawaambia nini mjini?"

"Waambie ni wangu."

Mtu nyuma anakohoa. Hakuna anayecheka. Wekundu wa chuma umeanza kurudi nyuma kutoka pembeni, unakuwa kahawia, na kila mtu pale anajua kwamba chuma kilichopoa hakiandiki, kinachafua tu. Kimanzi anakitazama, anautazama msasa, na kidole gumba cha mkono ule wenye msasa, bila kuombwa, kimekwisha kushuka juu ya ubavu wa twiga na kinafuata mkato mmoja mrefu, kutoka bega kwenda chini.

Kasiva ametulia. Hana haraka yoyote. Ameshika wayo ule juu, shingo yake mwenyewe imenyooka, uzito ameuweka upande mmoja, vile anavyosimama mtu aliyezoea kungoja maji mpaka yaje.

Nawe, fimbo ile ingekuwa mkononi mwako na joto linatoka, ungefanya nini?